Re: Parokia ya Bagamoyo ilianzaje?

Mkuu umeuliza waumini wa kwanza walitoka wapi wakati mji wenyewe ni wa Waislamu. Jibu fupi, wengi hawakuwa wenyeji kabisa, walikuwa watumwa waliokombolewa, hasa watoto.

Mapadre wa Roho Mtakatifu (shirika la wamisionari Wakatoliki) walikuwa Zanzibar tangu 1863, ila kule eneo la kulima halikutosha, ndo 1868 Padre Horner akavuka na wenzake wakaanza misheni Bagamoyo. Watoto walifundishwa dini, kusoma, useremala, ufundi chuma na kilimo, wakikua wanaozana wenyewe kwa wenyewe, wanapewa nyumba na kashamba kwenye kijiji cha Kikristo palepale misheni. Kwa hiyo parokia ilikua kwa ndoa na vizazi zaidi kuliko kwa mahubiri mjini, na mimi naona hapo ndo palikuwa na udhaifu wake, maana wale watu hata wakiwa huru bado walikuwa chini ya amri ya mapadre.

Halafu mikosi bana! Kipindupindu 1869, kimbunga 1872 kikabomoa karibu kila kitu, wakajenga upya. 1874 mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ukapitia hapo kabla ya kwenda Zanzibar. Kuanzia 1877 wakasogea bara, Mhonda, baadae Mandera na Morogoro, wakichukua familia za hapohapo Bagamoyo kwenda kuanzisha vijiji vipya.

Kanisa kubwa unaloliona leo ni la baadae, lilijengwa 1910 hadi 1914. Ukienda usiache kuuangalia ule mbuyu wa pale misheni, kipande cha mnyororo bado kimechomoza kwenye shina, wanasema alikuwa anafungwa punda.