Mlango wa bibi ulikuwa upande gani?

Nyumba ya bibi pale Magomeni Mapipa iliuzwa miaka miwili baada ya arobaini yake. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama nyingine zote za mtaa ule: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo. Warithi wakagawana, mnunuzi akabomoa, leo pana ghorofa lenye duka la vigae chini. Tangu siku ya mgao, mama na mama mdogo wakawa wanasalimiana misibani tu. Mimi niliambulia sanduku la bati lenye kanga kumi na tisa, mbuzi ya kukunia nazi, na picha ya babu aliyopiga studio zamani, ile ya kingo za menomeno.

Ndipo nikapata wazo la kuifanyia nyumba ile instalesheni. Kwa asiyelijua neno: huchori picha ukaitundika ukutani, unachukua chumba kizima, unapanga vitu, nguo, sauti na mwanga, na mtazamaji anaingia ndani ya kazi yenyewe. Tangu niifanye, wasanii wanaoanza wananiuliza nilianzia wapi. Nilianza kwa kuharibu.

Picha ya babu, ile ile ya pekee, niliibandika kwenye plaiwudi kwa gundi ya mbao. Ilikuwa Februari, kaskazi, na joto la Dar mnalijua, hewa yenyewe ina maji. Wiki haikuisha, karatasi ikavimba na uso ukafanya mabaka. Nilipojaribu kuibandua, shavu la babu lilibaki kwenye mbao. Nilikaa chini nikalia kama mtoto, na mama sikumwambia kwa miezi mitatu. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujagusa chochote, piga nakala. Picha halisi irudishe kwenye bahasha, mahali pakavu. Nakala wapelekee vijana wa Kariakoo wanaochapa fulana, uwape kitambaa cha pamba. Mimi ningekuwa na akili siku ile ningemchapa babu kwenye marekani, akapepea kila mtu anapopita.

Kanga nazo usikimbilie kuzifua. Za bibi zilikuwa na harufu ya udi na mafuta ya nazi, na binamu yangu alipoingia kwenye maonyesho yangu alizinusa kabla hajazitazama. Zitundike kwa vibanio, misumari inatoboa, na ziwe mbali na dirisha maana jua la huku linakula rangi.

Kosa la pili lilikuwa uroho. Nilipopewa chumba kwenye ghala moja Keko kwa siku kumi, nilijaza kila kitu: kanga zote, chemli, ungo, redio mbovu, tasbihi. Rafiki yangu mmoja, mchongaji, alisimama mlangoni akasema, "Dada, hapa ni soko la mitumba la Karume, nichague shati?" Iliniuma, lakini alisema kweli. Niliondoa karibu vyote. Zikabaki kanga tatu na mbuzi.

Sasa chumba kikawa kitupu mno, na hapo ndipo kazi ilipozaliwa, kwa bahati tu. Nilitaka kuchora ramani ya nyumba sakafuni kwa vipimo vyake halisi. Nikampigia mama: ukumbi ulikuwa na upana gani? Akasema hatua tatu, na mlango wa chumba cha bibi ulikuwa kushoto ukiingia. Nikampigia mama mdogo ili nihakikishe. Akasema hatua nne na zaidi, na mlango ulikuwa kulia. "Nani kakwambia kushoto? Mama yako? Yeye alikuwa bweni, anajua nini?"

Siku mbili nilihangaika nikitafuta nani mkweli. Mjomba nilipompigia hakupokea. Mwishowe nikaacha kutafuta, na ushauri wangu mkubwa kwa anayetaka kufanya kazi ya kumbukumbu ni huu hapa: usizisawazishe. Ukichagua toleo moja umefanya hukumu, na katika familia yenye kidonda hukumu zimeshatosha. Nilichora nyumba mbili juu ya sakafu moja. Ya mama kwa udongo mweupe, ule wa kaolini wa milima ya Pugu, ya mama mdogo kwa udongo mwekundu. Bibi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo udongo wote ulitoka upande wa kwao. Mistari ilipishana, mahali pengine kitanda cha mmoja kiliangukia kwenye ukuta wa mwenzake.

Sikubuni peke yangu namna hii ya kuwapa watu nafasi ndani ya kazi. Mchoraji Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, ambaye maonyesho yake ya kwanza yalikuwa hapa hapa Makumbusho ya Taifa mwaka 1980, aliwahi kukaa na wanawake akawasikiliza kwanza ndipo akachora. El Anatsui wa Ghana, anayeunganisha vizibo vya chupa kwa waya wa shaba hadi vikawa kama kitenge cha chuma, huwaachia wanaotundika kazi zake waamue mikunjo ikae vipi. Na msanii Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akaondoka akiwa kichanga baada ya baba yake kufariki. Alikulia Uingereza, akashinda tuzo ya sanaa ya Turner mwaka 2017, lakini bado anarudi kwenye kanga na maneno yake. Huyo ananifariji kila ninapoambiwa mimi si Mzaramo kamili kwa sababu baba ni Mngoni. Kama unataka kuwaona wanaofanya kazi hizi kwa karibu, nenda kituo cha sanaa cha Nafasi pale Mikocheni, kwenye makontena yaliyogeuzwa vyumba vya wasanii. Chukua muda, kaa, uliza.

Sauti nilizirekodi kwa simu, feni ikiwa imezimwa (feni ni adui wa sauti). Mama anaeleza nyumba upande huu, mama mdogo upande ule, kila mmoja kwenye spika yake ndogo ya kuchaji, ili umeme ukikatika kazi isife. Ziweke chini sana, mtu ainame ndipo asikie. Na omba ruhusa. Mama alinikatalia sehemu moja aliyomtaja mjomba, nikaifuta mbele yake.

Kuhusu kupona, niseme ukweli. Watu wanapenda kusema sanaa inaponya, kana kwamba ukitundika kanga mbili unalala vizuri. Mimi nililala vibaya zaidi wiki zile. Ukiona unakosa usingizi mfululizo, huli, au hutoki ndani, achana na udongo kwanza, nenda hospitali ukaongee na mtu wa afya ya akili. Mimi nilikwenda, na sioni aibu. Kilichonisaidia mle ghalani ni kazi ya mikono tu: kuchekecha udongo, kupima kwa kamba, kupiga magoti.

Siku ya sita walikuja wote wawili, kila mmoja kwa saa yake, lakini foleni ya daladala ikawakutanisha. Mama alisimama kwenye nyumba nyeupe, mama mdogo kwenye nyekundu. Hawakukumbatiana, msifikirie mambo ya sinema. Walibishana nusu saa kuhusu mlango, mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mjomba hakuja.

Siku ya kumi nilikwenda kufagia. Mistari myekundu kwenye mlango wa kulia ilikuwa imefutika kabisa kwa nyayo za watu. Mlango mweupe wa kushoto ulikuwa mzima, maana uliangukia karibu na ukuta wa ghala na hakuna aliyepita huko. Nilipiga picha nikawatumia wote wawili. Mama mdogo alijibu kwanza: "Si unaona? Hata wageni wanajua pa kupita." Mama akapiga simu, si kwangu, kwake.