Swichi ya antena kwa wati 1,000: lebo ya "2 kW" haitoshi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nzuguni, Dodoma, na nina leseni ya redio ya ridhaa. Nina amplifaya inayotoa wati 1,000, inafuata tyuna (kifaa cha kuioanisha redio na antena), kisha swichi ya njia tatu yenye lebo ya "1 kW". Antena zangu, kwa majina ya bendi (yaani urefu wa wimbi), ni dipoli ya waya ya mita 40, yagi ya mita 20, 15 na 10, na antena ya wima ya mita 80. Dipoli naitumia hadi kwenye bendi ya mita 30, tyuna inaikubali. Siku hizi nikirusha FT8 (ujumbe wa kidijitali wa kompyuta) swichi inachemka na kunuka plastiki. Dukani nimeonyeshwa nyingine ya "2 kW". Niichukue? Na mvua zikianza, nikiigeuza kwenye ethi nitakuwa salama na radi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla ya kununua chochote, ondoa hiyo swichi kwenye njia ya amplifaya leo hii. Harufu hiyo ni kihami kinachoungua. Kontakti ikiachia katikati ya urushaji, amplifaya itabaki inasukuma wati 1,000 mahali pasipo na antena, na kuitengeneza kutakugharimu kuliko swichi tatu.

Sasa tatizo lako. Wati 1,000 kwenye laini ya omu 50 iliyo sawasawa ni voti 224 na ampea 4.5 hivi. Swichi yoyote iliyotengenezwa kwa uaminifu inabeba hiyo. Lakini umeniambia jambo ulilolitaja kama la kupita tu: dipoli ya mita 40 unaitumia mita 30. Hapo SWR kwenye kebo, kipimo cha jinsi antena isivyolingana na kebo (1 ndiyo sawasawa), inaweza kufika 10 au kuzidi. Tyuna inaifichia redio, haiiondoi kwenye kebo, na swichi yako imekaa upande wa pili wa tyuna, kule kwenye vurugu. Kwa SWR ya 10, wati zile zile 1,000 zinaleta hadi voti 707, kilele chake voti 1,000, au hadi ampea 14. Swichi itaangukia kwenye voti kubwa au ampea kubwa kulingana na urefu wa kebo na masafa unayotumia. Ndiyo maana bendi moja haisumbui na nyingine inachemsha.

Joto linakwenda na mraba wa ampea. Kontakti iliyochoka yenye nusu omu inatoa wati 10 za joto kwa ampea 4.5, na kwa ampea 14 inakaribia wati 100, yaani pasi ndogo ndani ya kiboksi kisichopumua. FT8 nayo haina huruma: inarusha kwa nguvu kamili karibu sekunde 13 mfululizo kila zamu yako ya sekunde 15, wakati SSB, yaani mazungumzo ya sauti, nguvu yake inapanda na kushuka. Lebo nyingi za "1 kW" huhesabu nguvu ya kilele ya SSB bila kusema, tena kwa SWR ya 1 ambayo wewe hunayo.

Kwa hiyo hiyo "2 kW" sikukatazi, ila usiinunue ikiwa imefungwa. Omba ifunguliwe. Ukikuta nyaya nyembamba zinatoka kwenye konekta kwenda kwenye swichi ya duara ya vibao vya plastiki, kama ile ya kuchagua bendi kwenye redio za zamani, irudishe kwenye rafu hata ingeandikwa 5 kW. Unachotaka ni kontakti pana zenye springi ngumu, zilizopakwa fedha, ndani ya mwili wa metali uliochongwa chumba kwa kila njia, na kihami cha Tefloni kwenye konekta. Angalia pia nafasi kati ya kontakti zisizotumika na mwili. Nataka kuona milimita kadhaa, bila ncha kali, maana cheche hupenda ncha. Na Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam na uwezo wake wa kuzuia cheche umepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Vumbi letu la Septemba likiingia humo, nafasi hiyo inazidi kupungua.

Kama muuzaji ana karatasi ya vipimo, tafuta upotevu wa kupitia, yaani nguvu inayopotea ndani ya swichi. Desibeli 0.2 ni wati 45 kati ya 1,000 zako. Kwenye masafa yako ya HF (mawimbi mafupi) ningekubali 0.1 kwa shingo upande, 0.05 kwa furaha. Utengano kati ya njia usikuumize kichwa kama una redio moja. Desibeli 40 zinaacha sehemu moja ya kumi ya wati ikivuja. Ila ukichomeka kipokezi kidogo cha USB kwenye njia nyingine, hiyo inatosha kukiua, basi tafuta 60. Konekta za PL-259 zinatosha HF. Za N zina faida ukipanda masafa ya juu. Na mtu asikuuzie swichi ya DiSEqC ya ving'amuzi. Naona zinapendekezwa. Ile haikutengenezwa kubeba hata wati za redio yako bila amplifaya.

Lakini hata swichi nzuri nisingeipa hiyo mita 30. Kata dipoli ya pili ya mita 30, kama mita 14 za waya kwa jumla, uitundike chini ya ile ya mita 40 kwenye konekta hiyo hiyo, kisha irekebishe kwa mita ya SWR. Gharama yake ni waya na jioni moja, na swichi itarudi kwenye ampea 4.5. Mpaka hapo, mita 30 tumia wati 100 bila amplifaya. Na kamwe usigeuze swichi ukiwa unarusha. Cheche moja inachimba kontakti, na kontakti iliyochimbika ndiyo hiyo nusu omu.

Kuhusu radi: hapana. Nafasi ya ethi inaondoa chaji ya upepo na vumbi, na hiyo ni kazi nzuri. Radi iliyoruka kilomita kadhaa hewani haitashindwa milimita za ndani ya swichi. Kabla ya mvua za Desemba weka bamba la shaba nje ya ukuta, kebo zote zipite hapo kwenye vizuia-radi vya mirija ya gesi, na wingu likijikusanya chomoa kebo ziache huko nje. Udongo wetu ukikauka haushiki umeme, hivyo nondo moja ya ethi haitoshi: pigilia tatu au nne, umbali kati yake usipungue urefu wa nondo yenyewe. Kisha ethi ya redio, ya mnara na ya umeme wa TANESCO ziunganishe zote kwa waya mnene. Kuna mafundi watakaokwambia uzitenganishe. Ukizitenganisha, radi ikipiga mnara, tofauti ya voti kati ya ethi hizo itapita ndani ya redio yako.