Maswali ya Wasomaji: Kiumbe wa Kijapani Kwenye Simu ya Binti Yangu

SWALI: Ndugu Mhariri, wakati wa UVIKO-19 binti yangu alinionyesha kwenye simu mchoro wa kiumbe mwenye mdomo wa ndege, magamba, nywele ndefu na miguu mitatu, akasema ni kinga ya Wajapani. Ulifikaje huku ilhali Japani ilikuwa imefunga mipaka? – Mama wa Dunda, Bagamoyo

JIBU: Mama, huyo ni Amabie. Karatasi iliyochapwa mwaka 1846 inasimulia kwamba aliibuka baharini katika jimbo la Higo, ambalo leo ni Kumamoto, akatabiri miaka sita ya mavuno mema, na akaagiza kuwa maradhi yakizuka watu wachore sura yake na kuonyeshana. Mwaka 2020 wachoraji wa Japani walilitekeleza agizo hilo mitandaoni, na Wizara ya Afya ya huko ikamtumia katika tangazo la kuwaasa vijana wasisambaze maambukizi. (Kinga, bila shaka, ilikuwa barakoa na maji ya kunawia.)

Njia rasmi za kueneza utamaduni wa Kijapani zilikwama: Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa hadi 2021, ikafanyika bila watazamaji wa kigeni, nayo Japan Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1972 kueneza utamaduni huo ng'ambo, ikahamishia sinema na shughuli nyingine kwenye intaneti. Kwa maoni yangu, Amabie alizipita zote, kwa kuwa hakumtaka mtu atazame tu. Alimtaka ashike kalamu. Je, binti yako naye alimchora?