Anza na kiti, sakafu itafuata

Katika madarasa mengi ya yoga kiti huwekwa pembeni. Mwalimu anaonyesha mkao kamili, wenye uwezo wanamfuata, kisha anamgeukia aliyekwama na kumwambia, "Wewe tumia kiti." Kwa maneno hayo matatu darasa zima limeshajua nani hodari na nani mgonjwa. Wiki ijayo yule wa kiti haji, au anakuja na kukikataa kiti hicho, akajilazimisha hadi aumie.

Mimi naanzia upande wa pili. Chukua mkao wa mbwa anayetazama chini, ule wa viganja na nyayo sakafuni na nyonga juu. Wote, hata wenye miili laini kama mpira, husimama mbele ya ukuta, wakaweka viganja usawa wa nyonga, wakarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo unyooke. Hapo mwenye presha, mjamzito na anayeumwa vifundo vya mikono wote wameshaingia kwenye mkao wenyewe. Anayetaka zaidi anashusha mikono kwenye kiti, halafu kwenye matofali mepesi ya yoga, halafu chini kabisa. Anayebaki ukutani anaonekana amechagua, maana kila mtu amepita hapo. Mwanafunzi asiyeona aibu husimama mapema pale mwili unapokataa, na kwangu huo ndio usalama wa kwanza.

Kuna wanaodai kwamba vifaa ni yoga ya wavivu. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa India aliyeishi kuanzia 1918 hadi 2014 na ambaye sidhani kuna mtu aliyewahi kumwita mvivu, ndiye aliyeeneza sana matumizi ya mikanda, matofali, mablanketi na viti.

Maswali ya afya usiyaulize mbele za watu. "Kuna mwenye tatizo leo?" huleta ukimya tu. Nina karatasi fupi ambayo kila mgeni huijaza kabla ya kuanza: presha, macho, ujauzito, mifupa, upasuaji wa karibuni, kizunguzungu. Kila swali lina sababu yake, na ni vizuri mwalimu aijue sababu badala ya kukariri orodha ya makatazo. Kichwa kikiwa chini ya moyo, shinikizo ndani ya jicho hupanda. Kwa hiyo mwenye glakoma, ugonjwa wa macho unaoharibu neva ya kuonea, hata mkao wa mbwa wa kawaida haumfai, achilia mbali kusimama kwa mabega. Mwenye mifupa iliyodhoofika akijikunja mbele kwa nguvu huku mgongo umepinda, pingili za uti zinaweza kupondeka. Nyonga ndizo zikunje, mgongo ubaki mrefu, na asivutwe na mkanda. Mjamzito mimba ikishakuwa kubwa asilazwe chali kwa muda mrefu, kwa sababu tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mlaze ubavu, mpe mto katikati ya magoti. Kubana pumzi, yeye na mwenye presha wote waache. Daktari akiwa amesema kitu, neno la mwalimu halipo.

Tatizo jingine ni umbo la mifupa yenyewe, na hili linanikera kwa sababu walimu wengi bado huahidi kwamba mazoezi yatafungua kila nyonga. Kikombe cha nyonga hutofautiana kwa kina na kwa mwelekeo kati ya mtu na mtu. Mtu mfupa ukishagota kwenye mfupa, hakuna mazoezi yatakayomsogeza. Ukimlazimisha akunje miguu na kuipandisha juu ya mapaja, nyonga isipogeuka, goti ndilo litakalosokotwa, nalo halikuumbwa kwa kusokotwa. Mketishe juu ya blanketi lililokunjwa, miguu akunje kawaida.

Wenye viungo vinavyopinda kupita kiasi siwasifii. Ndio ninaowachunga zaidi, kwa kuwa hawasikii maumivu mpaka wamepita mpaka. Nawaambia walegeze viwiko na magoti kidogo na wasimame kabla ya mwisho wao. Na mtu yeyote akisema anahisi maumivu pale chini ya tako, kwenye mfupa wa kukalia, usimpongeze kwamba ananyooka vizuri. Hapo ni kano. Apinde magoti na apunguze.

Mikono yangu hubaki kwangu hadi niruhusiwe. Kumuuliza mtu "naweza kukugusa?" huku umeshaweka mkono mgongoni kwake si kuuliza. Natumia vikadi vyenye pande mbili vinavyokaa kando ya mkeka: upande mmoja ndiyo, mwingine hapana, na mtu anaweza kukigeuza katikati ya somo bila kueleza. Wakati wa kupumzika mwishoni, wakiwa wamelala, simgusi yeyote. Kufumba macho nako ni hiari. Wapo ambao giza na ukimya huwarudisha mahali pabaya, hao hutazama dari na taa haizimwi yote.

Maneno yawe kamili. "Fanya hivi" haimsaidii asiyeona. "Mguu wa kulia mbele, vidole vielekee ukutani" inamsaidia yeye na wengine wote. Asiyesikia vizuri mpe nafasi ya kukuona mdomo, na usizungumze ukiwa umeinama. Kama unatumia sauti ya om, neno takatifu la Kihindu, sema mapema kwamba anayependa kunyamaza kwa sababu ya imani yake anyamaze, kisha usimkodolee macho.

Kusimama kwa kichwa sifundishi katika darasa la watu mchanganyiko. Uzito huangukia shingo, na siwezi kuzitazama shingo zote kwa wakati mmoja. Wanaoniomba nawapa kazi ya mabega: viwiko chini, kichwa hakigusi sakafu, nyonga juu. Wengine huridhika. Wengine huhamia kwa mwalimu mwingine, nami siwazuii.