Namba 391 na 149: kwa mnaoanza kutenga kampaundi za okidi

Kichupa changu cha kwanza cha "kampaundi mpya" kilikuwa na miligramu 11 za kitu kama mafuta, kisicho na rangi. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili Kunming, China, mwezi wa saba nikihangaika na baiji, yaani okidi ya Bletilla striata, ambayo waganga wa Kichina hutumia viazi vyake kuzuia damu. Picha ya NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha haidrojeni za molekuli kama vilele kwenye mstari wa namba) ikaja na haidrojeni za pete ya benzini, kwenye 7.70 na 7.53. Nikampigia mama simu Morogoro.

Kaka wa maabara (kule aliyekutangulia humwita shixiong, na heshima yake si ya mchezo) akaweka kidole kwenye karatasi ya uzito wa molekuli: 391, na pembeni 149, uzito wa kipande chake. Akauliza, "Ethili asetati yako, kile kiyeyushi, unaiweka wapi?" Kwenye dumu la plastiki. Nilikuwa nimetenga kilainishi cha plastiki kilichoyeyuka kutoka kwenye dumu, na nimekitenga vizuri kweli.

Basi wewe unayeanza, namba hizo mbili zikariri kabla ya kitu kingine. Viyeyushi vikae kwenye kioo. Na ukiona kilele cha NMR kwenye 0.07, hiyo ni grisi uliyopaka kwenye maungio ya vyombo.

Baiji ina utelezi. Unga wake ukiuchemsha kwa maji unapata mlenda, na mlenda hauchujiki, nimekesha nao. Loweka kwenye ethanoli ya asilimia 95, mara tatu, sukari zile ndefu zibaki kwenye makapi. Ukishavukiza ethanoli, dondoo unalitawanya kwenye maji na kuligawa kwa petroli etha, kisha ethili asetati, kisha butanoli. Hapo usitikise funeli ya kutenganishia kama unasukasuka maziwa kwenye kibuyu. Ipindue taratibu. Tabaka zikigoma kuachana, chumvi kidogo husaidia.

Kuhusu kolamu za silika, yaani mirija ya unga wa silika ya kutenganishia kampaundi, sina mengi: isikauke, na usimwage kitu hata kama sahani ya TLC (kibao chembamba cha silika kinachotenganisha kampaundi kuwa madoa) haionyeshi doa. Nyunyizia kwanza asidi ya salfuriki ya asilimia 10, pasha moto, ndipo uamue.

Kazi yenyewe iko kwenye kujua nani ameshapita hapo. Baiji imechimbwa na maabara nyingi, na militarini, mojawapo ya kampaundi zake, utakutana nayo kila kona hadi uichukie. Jifunze sura za koo za kampaundi zake kwenye NMR. Bibenzili (pete mbili za benzini zilizounganishwa na CH₂ mbili) huonyesha haidrojeni nne za CH₂ mbili karibu na 2.8. Fenanthrini (pete tatu zilizoshikamana) hung'aa samawati chini ya taa ya nanomita 365, na ikiwa na metoksi (OCH₃) kwenye kaboni ya 4, kuna haidrojeni moja imekaa peke yake huko 9.4, kama mzee aliyesusa kikao. Ukijua sura hizi, kichupa unakipima uzito wa molekuli mapema, unalinganisha na zilizokwisha kuandikwa, na unaokoa wiki tatu za kusafisha kitu kinachojulikana tangu zamani.

Kuna mtego mwingine. Molekuli ikiwa na kundi la ethili, kilele chenye ncha tatu kwenye 1.2 na chenye ncha nne kwenye 4.1, jiulize kama ethili hiyo ni ya mmea au ni ya ethanoli yako. Asidi ikipashwa moto ndani ya ethanoli inaweza kuungana nayo na kugeuka esta mikononi mwako. Rudia na unga kidogo kwa methanoli bila moto. Ethili ikitoweka, umeitengeneza wewe.

Usibebe viazi vya okidi kutoka nyumbani kwenye begi eti ukavipime huku. Okidi zote zimo kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori), bila kibali ni magendo, na kule Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, viazi vimeshachimbwa vya kutosha kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi. Mmea wowote utakaoufanyia kazi, uwe na sampuli yake iliyokaushwa, yenye namba, kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa.

Vichupa vitupu vipime kabla ya kutia kitu, kwa sababu kwenye miligramu 3 huwezi kukisia. Namba ziandike kwa penseli kwenye kibandiko cha karatasi. Kalamu ya wino hufutwa na tone moja la asetoni, nami nina vichupa sita kwenye friji ambavyo mpaka leo sijui ni vya nini.