Umechaguliwa vyuo vitatu? Anza na hesabu ya kulala na kula

Hongera sana, mdogo wangu. Unauliza uchague kipi kati ya UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na Mzumbe, vyote kwa uhasibu, mzee wako ni mkulima na mkopo bado haujulikani: mimi ningeiweka Dar ya mwisho, labda uwe na ndugu wa kukaa naye.

Ada si ndiyo inayoumiza zaidi. Ukikosa hosteli Dar, wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, bado nauli ya daladala kila siku, na bumu (hela ya kujikimu) la Bodi ya Mikopo, HESLB, linaweza kuchelewa wakati wewe umesharipoti. UDOM ina mabweni mengi humohumo chuoni, unakwenda darasani kwa miguu.

Jina la chuo lisikusumbue sana. Mitihani ya CPA (cheti cha uhasibu wa kitaalamu) ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni ileile, uwe umesoma wapi. Angalia masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, wapi ukaguzi wa hesabu na kodi za serikali vinafundishwa kwa kina.

Usipitwe na tarehe ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ya kuthibitisha chuo kimoja. Kama meseji yenye namba ya uthibitisho haijafika, ingia kwenye akaunti yako ya maombi ya chuo unachokitaka uiombe upya leo.