Akili mnemba na dozi ya bangi kwa maumivu ya mgongo
Ndugu uliyeuliza kutoka Dodoma kama programu ya akili mnemba inaweza kumpangia mama dozi ya bangi: hapa kwetu bangi imekatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, tafadhali usijaribu. Ya mtaani hata miligramu zake hazijulikani, sasa programu itapanga nini?

Kwa nchi zilizoruhusu, kama Kanada, mwongozo wa wataalamu wa 2021 huanza na CBD (kemikali ya bangi isiyolewesha) miligramu 5 mara mbili kwa siku. Ikihitajika huongezwa THC (ile inayolewesha) miligramu 2.5, ikipandishwa 2.5 kila baada ya siku 2 hadi 7, isivuke 40 kwa siku. Programu husoma kumbukumbu za mgonjwa na kukisia hatua inayofuata. Kumbukumbu mbovu ndizo huipotosha: dawa ya kumeza huchukua saa 1 hadi 2 kuanza kufanya kazi, mtu akiandika "haijasaidia" baada ya nusu saa, dozi inapandishwa bure na mzee anaanguka kwa kizunguzungu. Programu isipojua mgonjwa anameza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ni hatari zaidi, maana CBD huiongezea nguvu na damu inaweza kuvuja.

Kwa mama, anza na daftari leo. Asubuhi na jioni andika maumivu 0 hadi 10, usingizi, kila dawa na saa yake. Baada ya wiki 2 mpeleke nalo hospitali, mfano Benjamin Mkapa. Diklofenaki (dawa ya maumivu) ya kila siku inaumiza tumbo na figo, mwambieni daktari kama anaitumia. Akipata ganzi sehemu za siri au mkojo kumtoka, mpeleke siku hiyohiyo.